Je, Ilikuwa Busara Kumsimamisha Maalim Seif Mara Sita?

Mjadala wetu wa mwisho kabla ya mitihani ulikuwa umalizike saa mbili usiku. Ulimalizika saa nne kasorobo, na hata hivyo ni kwa sababu mlinzi alikuja kufunga ukumbi. Mada ilikuwa fupi: je, ni busara chama kimsimamishe kugombea urais mtu anayewagawa watu, mtu ambaye wanaompenda wako tayari kufa kwa ajili yake na wasiompenda hawataki hata kusikia jina lake? Tulikuwa tumejitayarisha kuzungumzia Marekani, kwa kuwa habari za huko ndizo zinazojaa kwenye simu zetu. Hakuna aliyefika Marekani. Msemaji wa pili alilitaja jina la Maalim Seif Sharif Hamad, na tokea hapo hatukutoka tena Zanzibar.

Mwalimu wetu alituambia twende tukaandike, maana kupiga kelele tumeshaweza. Tunaoandika ni watatu, sote wajukuu wa watu waliotoka Unguja na Pemba wakaja kuanza upya hapa Muscat. Kule hatuna kura. Na hapa pia wengi wetu bado, kwa sababu umri wa kupiga kura ya Majlis Ash-Shura ni miaka 21, na wagombea wa hapa hawatoki kwenye vyama. Kwa hivyo mtu ana haki ya kutuuliza: nyinyi Zanzibar inakuhusuni nini? Tutafika huko, na jawabu lake si zuri sana kwetu.

Msimamo wetu ni huu. CUF, na baadaye ACT-Wazalendo, hawakukosea kumsimamisha Maalim Seif kwa sababu tu alikuwa akiwagawa watu. Mgawanyiko aliukuta. Tena yeye alikuwa na kitu ambacho mgombea mpole asingekuwa nacho: aliweza kuwaambia watu wake waliokasirika warudi nyumbani, nao wakarudi. Walipokosea ni pengine, na tutapataja.

Kwa wenzetu ambao majina haya hawakukua nayo sebuleni, tuanze na mtu mwenyewe. Seif Sharif Hamad alizaliwa Mtambwe, Pemba, Oktoba 1943. Alikuwa mwalimu, ndiyo maana akaitwa Maalim mpaka mwisho, na akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliingia serikalini akiwa Waziri wa Elimu wa Zanzibar mwaka 1977, na mwaka 1984 akawa Waziri Kiongozi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1988 aliondolewa madarakani, kisha akafukuzwa CCM pamoja na wenzake. Mwaka uliofuata alikamatwa, akakaa kizuizini mpaka Novemba 1991. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa waasisi wa CUF. Aligombea urais wa Zanzibar mwaka 1995, 2000, 2005, 2010 na 2015 kwa CUF, na 2020 kwa ACT-Wazalendo. Mara sita, miaka 25, na hakuapishwa hata mara moja kuwa rais.

Upande wa upinzani katika mjadala wetu (tunawaita hivyo kwa usiku ule tu, ni rafiki zetu) ulikuwa na hoja moja nzito. Walisema uchaguzi wa urais hushindwa kwa wale walio katikati. Ukimsimamisha mtu ambaye nusu ya nchi imeshaapa haitampa kura hata akileta maziwa na asali, umeshaanza na nusu. Kwa nini CUF wasingemtafuta mtu mwengine, msomi mtaratibu, asiye na historia ya kizuizini, asiyewatisha watu wa Unguja, hasa wa Kusini na Kaskazini? Mmoja wao akauliza kwa sauti ya juu: mara ya kwanza sawa, mara ya pili sawa, lakini mara ya sita?

Hoja hii inaingia akilini mpaka utazame takwimu. Mwaka 1995 Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilimtangaza Dk. Salmin Amour kuwa mshindi kwa kura 165,271, na Maalim Seif 163,706. Tofauti ni kura 1,565, watu wanaoweza kuenea katika ukumbi mkubwa wa harusi hapa Muscat na nafasi ikabaki. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa kwa kura 179,809 dhidi ya 176,338. Tofauti ni kura 3,471. Hizo ndizo hesabu rasmi, na CUF wenyewe hawakuzikubali zile za 1995. Sasa mtu aliyepata asilimia 49 na pointi, mara mbili, kwa hesabu za tume aliyokuwa akiilalamikia, unamwitaje mgombea asiyeuzika? Pemba peke yake isingeweza kumfikisha hapo, hata ingempa kura zote. Kwa hivyo kulikuwa na maelfu ya watu wa Unguja waliompigia kura kila safari. Wale wa katikati walikuwepo, na wengi wao hawakumuogopa.

Na kuhusu mgombea mpole, Zanzibar imeshalijaribu hilo, tena ndani ya CCM yenyewe na kabla ya vyama vingi. Mwaka 1985 Mzee Mwinyi alipoteuliwa kugombea urais wa Muungano, nafasi ya Zanzibar ilibaki wazi. Majina mawili yalishindana ndani ya chama: Idris Abdul Wakil, mzee wa Makunduchi, na Seif Sharif, kijana wa Pemba mwenye wafuasi na maadui. Chama kikamchagua Mzee Wakil kwa tofauti ndogo. Alionekana ndiye salama. Wakati ule mpiga kura alikuwa na jina moja tu mbele yake na aliulizwa ndiyo au hapana. Hata hivyo watu wengi sana wa Pemba walisema hapana. Miaka mitatu baadaye serikali ile ikavunjika na Waziri Kiongozi akafukuzwa. Yaani chama kilimkwepa mtu anayegawa, kikaishia na mgawanyiko ule ule, ila safari hii mtu mwenyewe akiwa nje ya nyumba na ana hasira.

Tunasema mgawanyiko aliukuta kwa sababu mwaka 1961 Seif alikuwa kijana wa miaka 17. Januari mwaka ule viti vya Baraza la Kutunga Sheria vilikwenda ASP 10, ZNP 9 na ZPPP 3, na ZPPP ilipopasuka pande mbili zikawa 11 kwa 11. Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni, na fujo zake zikaua watu 68. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini ikapata viti 13 tu kati ya 31, serikali wakaiunda ZNP na ZPPP. Uhuru ukaja Disemba 10, 1963, na Mapinduzi Januari 12, 1964, mwezi mmoja na siku mbili baadaye. Visiwa hivi vilikuwa vikigawanyika nusu kwa nusu kabla Maalim hajapanda jukwaa lolote. Ukimtoa yeye ukamweka mwengine, ile nusu kwa nusu inabaki.

Hapa ndipo tunapoingia sisi.

Katika kampeni za miaka ya tisini na baada yake, wapinzani wa CUF hawakuchoka kusema kwamba chama kile ni Hizbu iliyorudi, kwamba Maalim Seif akishinda Waarabu watarudi, Sultani atarudi na mashamba yatarudi kwa wenyewe. Sultani mwenyewe, Jamshid bin Abdullah, alikuwa akiishi Portsmouth, Uingereza, maisha ya kawaida ya mzee mstaafu. Hakuruhusiwa kuja hapa Oman mpaka mwaka 2020, na alifariki hapa Muscat Disemba 2024. Hakuna alichokuwa akikirudia. Lakini maneno yale yalifanya kazi, kwa sababu mtu wa Kusini Unguja aliyesikia hadithi za utumwa na za ukwezi wa karafuu kutoka kwa babu yake alikuwa na sababu ya kuogopa. Na picha aliyoonyeshwa ya hao watakaorudi ilikuwa picha ya babu zetu.

Kwa hivyo tulihusika hata bila ya kufungua midomo. Tatizo ni kwamba midomo ilifunguliwa.

Tuseme ukweli, maana gazeti hili linasomwa na watu wa nyumbani. Katika majlisi nyingi za Mawaleh na Al-Khuwair tulikokulia, Maalim Seif hakuwa mgombea wa urais wa Zanzibar. Alikuwa mtu wa kutulipia. Tulikuwa wadogo, tukipitisha halwa na vikombe vya kahawa, na tukiwasikia wazee wakisema akishinda huyu, tutaona. Tutaona nini, hawakumalizia. Mmoja wetu anamkumbuka ami yake akionyesha kwenye simu picha ya nyumba ya Mji Mkongwe yenye mlango wa misumari ya shaba na kusema, hii ni yetu, tumsubiri Maalim. Nyumba yenyewe wanaishi watu humo kwa zaidi ya miaka hamsini, wamezaliana humo, wamezikana kutoka humo. Maalim Seif hatujapata kumsikia akiahidi kumtoa mtu yeyote nyumbani kwake. Lakini sauti za namna ile zilirekodiwa, zikasambazwa kwenye simu, na zilipofika Zanzibar zilikuwa ushahidi tosha kwa kila aliyesema kwamba chama kile kina wenyewe ng'ambo.

Ndiyo maana tunatilia shaka neno lenyewe la mwanasiasa anayegawa watu, kama kwamba kugawa ni tabia ya mtu, sawa na urefu au weusi wa nywele. Sehemu kubwa ya kugawa kule alibebeshwa. Nusu alibebeshwa na waliomchukia, na nusu na waliompenda kwa sababu zao wenyewe, na baadhi ya hao walikuwa kwetu, wakinywa kahawa umbali wa safari ya ndege ya saa tano hivi kutoka kwenye matokeo ya maneno yao.

Na matokeo yalikuwepo. Rafiki zetu wa upande wa pili walitukumbusha Januari 2001, na ni haki yao. Baada ya uchaguzi wa 2000, ambao ulivurugika hata ukarudiwa katika majimbo 16 na CUF wakaususia marudio, chama kiliitisha maandamano ya Januari 27. Serikali iliyapiga marufuku, watu wakatoka, na askari wakapiga risasi. Human Rights Watch walihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa, wengi wao Pemba. Watu wapatao 2,000 walikimbia kwa majahazi na mashua hadi Shimoni, Kenya, na Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, kwa mara ya kwanza ikatoa wakimbizi wake. Mwenzetu mmoja aliuliza: mgombea ambaye kushindwa kwake kunaweza kufika hapo, hiyo ni busara gani?

Hili hatuwezi kulijibu kwa takwimu. Waliofyatua risasi ni waliofyatua risasi, na hatutaihamisha dhambi hiyo kwenda kwa aliyeitisha maandamano. Lakini chama kinapomsimamisha mtu anayependwa kiasi kile kinajua kwamba kimebeba petroli. Swali ni kama mbebaji anajua pa kuweka chupa. Kwa miaka kadhaa baada ya 2001 jawabu halikuwa wazi. Muafaka wa Oktoba 2001 ulitiwa saini, ukatekelezwa nusu. Uchaguzi wa 2005 ukaja, Amani Abeid Karume akatangazwa kwa asilimia 53 na Maalim 46, na CUF wakamkataa tena.

Kisha ikaja Novemba 2009, na kwetu sisi siku zile ndizo zinazoamua hoja yote.

Novemba 5, Maalim Seif alikwenda Ikulu ya Zanzibar kuonana na Rais Karume, wawili wao, bila ya wapatanishi wa Jumuiya ya Madola na bila ya kamati za vyama zilizokuwa zikikaa miaka na miaka. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani Kibandamaiti, mbele ya watu wake, akawaambia kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar. Watu walikasirika. Wapo waliomzomea, yeye Maalim, ambaye jina lake likitajwa tu mikono ilikuwa ikipanda juu. Alisimama pale akawaeleza mpaka wakamsikiliza. Jaribuni kuwaza mgombea mpole, yule msomi mtaratibu tunayeambiwa CUF wangempata, akisimama mahali pale na kusema maneno yale yale. Asingeshuka na chama chake mkononi. Watu wangesema amenunuliwa. Maalim hakuweza kuambiwa amenunuliwa kirahisi, kwa sababu alikuwa amekaa kizuizini, na kila mtu pale alikuwa na jamaa aliyepata kitu kibaya kwa sababu ya kumfuata yeye.

Kilichofuata ndicho kinachotufanya tusimame na msimamo wetu. Julai 31, 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Oktoba mwaka ule ule Maalim aligombea mara ya nne, akashindwa kwa zile kura 3,471, na akayakubali matokeo hadharani. Akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Fikiria: mwaka 1995 tofauti ya kura 1,565 ilizaa miaka mitano ya kukamatana na kususiana, na mwaka 2010 tofauti inayokaribiana nayo ilizaa serikali moja. Wagombea wa upande mmoja walibadilika, lakini wa upande wa pili alikuwa yule yule. Wazee wetu wanasema miaka mitano ile watu wa Pemba na Unguja walirudi kuzikana na kuozana bila ya kuuliziana chama, na kila tunayemuuliza aliyekuwepo anatuambia hivyo hivyo.

Kwa hivyo kipimo chetu cha mgombea wa namna hii kina swali moja: anaweza kuwaambia wanaompenda kitu wasichotaka kukisikia, wakabaki naye? Kama hawezi, basi anachofanya ni kuwapanda wafuasi wake kama farasi, na siku farasi akikimbia ataanguka pamoja nao.

Chukueni mfano wa Bara mwaka 2015. CHADEMA walikuwa wamemwita Edward Lowassa fisadi kwa miaka, na alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sababu ya Richmond. CCM walipolikata jina lake, CHADEMA na wenzao wa UKAWA wakampokea na kumpa tiketi ya urais. Naye aligawa watu, na mgawanyiko ulianzia ndani ya nyumba iliyompokea: Dk. Willibrod Slaa akaondoka CHADEMA, na Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Lowassa alipata kura milioni 6 na zaidi, karibu asilimia 40. Machi 2019 alirudi CCM. Hatusemi alikuwa mtu mbaya. Tunasema chama kilichukua kura zake bila ya kuwa na imani naye, wala yeye hakuwa na kitu cha kuwaambia wafuasi wa chama kile wakamsikiliza. Hapo ndipo tunapokubaliana na rafiki zetu wa upande wa pili kwamba haikuwa busara. Raila Odinga wa Kenya, aliyefariki Oktoba 2025 baada ya kugombea mara tano, tungemweka karibu zaidi na Maalim, kwa ule mkono aliompa Uhuru Kenyatta Machi 2018. Lakini Kenya tunaiachia klabu iandae usiku wake, la sivyo mlinzi atatufungia ndani.

Sasa tuseme walipokosea.

Oktoba 2015 Maalim aligombea mara ya tano. Siku ya pili baada ya kura alijitangaza kuwa ameshinda, kabla ya Tume. Oktoba 28 mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Marudio ya Machi 2016 CUF waliyasusia na Dk. Shein akapata asilimia 91. Kujitangaza kule kulikuwa kosa, tunaona hivyo hata sisi tunaomuunga mkono. Kuliwapa waliotaka kisingizio kisingizio walichokitaka. Lakini hata pale, aliwaambia watu wake watulie, na kisiwa hakikuwaka kama mwaka 2001.

Kosa kubwa zaidi lilionekana baadaye. Lipumba alirudi kuudai uenyekiti wake, chama kikapasuka, na Machi 2019 Mahkama Kuu ilipompa Lipumba haki, Maalim alihamia ACT-Wazalendo na sehemu kubwa ya CUF Zanzibar ikahama naye. Ofisi zikabadilishwa rangi kwa siku chache. Wengi walishangilia. Sisi tulipokuwa tukisoma habari zile kwa ajili ya mjadala tulishtuka, maana ilikuwa na maana kwamba miaka 27 ya chama ilikuwa imekaa ndani ya mtu mmoja. Palipokuwa pawe na warithi watatu au wanne waliopikwa kwa ajili ya siku kama ile, palikuwa na mzee mmoja wa miaka 75. Mwaka 2020 akasimamishwa mara ya sita, akiwa na miaka 77, dhidi ya Dk. Hussein Mwinyi, mtoto wa rais yule yule aliyemfanya Waziri Kiongozi miaka 36 kabla. Tume ilimpa Mwinyi asilimia 76 na Maalim karibu 20. Watu wa Pemba walikufa tena wiki ile. Na Maalim, ambaye wengi walitarajia atagoma, aliapishwa Disemba 8 kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, akisema maneno magumu kwa watu wake kwa mara nyengine. Alikaa siku 71. Februari 17, 2021 alifariki Muhimbili, Dar es Salaam, baada ya kuugua korona, akazikwa Mtambwe.

Mara ya sita hatuwezi kuitetea kama tunavyozitetea zile tano. Tunaielewa tu.

Rafiki zetu walibakisha karata moja, wakaitoa mwishoni. Walisema: haya, mtu wenu ameondoka, tumwangalie aliyemfuata. ACT-Wazalendo walimpendekeza Othman Masoud Othman, mwanasheria mkuu wa zamani wa Zanzibar, mtu mtaratibu, anayepima maneno. Ndiye yule msomi waliyekuwa wakimtaka tokea saa mbili. Alisimamishwa kugombea urais Oktoba 2025, na Dk. Mwinyi akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 75. Ukumbi ulinyamaza kidogo, kisha pande zote mbili zikaanza kusema kwa pamoja kwamba hii inathibitisha hoja yao. Wao walisema chama kilichelewa miaka ishirini kumleta mtu wa namna ile. Sisi tulisema mgombea alibadilishwa na matokeo yakabaki pale pale, kwa hivyo tatizo halikuwa ukali wa mgombea. Hapo ndipo mlinzi alipoingia na funguo zake.

Tulipokuwa tukitembea kwenda kwenye maegesho, mmoja wetu alitueleza kitu ambacho hakukisema ukumbini. Februari 2021 tulikuwa skuli, tukisomea nyumbani kwa sababu ya korona. Bibi yake alikuwa jikoni habari zilipofika. Alizima jiko, akakaa, akaomba aletewe simu. Alikuwa na mdogo wake Wete ambaye hawakuwa wakizungumza tokea 2015, kwa sababu mtoto wa mdogo wake alikuwa amevaa shati la kijani kwenye kampeni na bibi akasema maneno kutoka huku Muscat ambayo hayasemwi. Simu iliita sana. Ilipopokelewa, hakuna aliyemtaja Maalim. Bibi aliuliza tu, "Mmeshakula?"